Barabara moja, baridi na joto: motari wa Butembo na wale anaowabeba

Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Shuleni mtoto anafundishwa kwamba ikweta ni mahali pa joto. Lakini mtu anayepanda pikipiki saa kumi na moja asubuhi akitoka Butembo kwenda Lubero anauvuka mstari huo meno yakigongana. Ni mambo ya mlima. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa karibu digrii 6. Ziwa Edward liko kwenye mita zipatazo 900 tu juu ya bahari. Butembo imepita mita 1,700, na upande wa Lubero barabara ya taifa namba 2 inapanda milima ambako watu wanalima viazi, kabichi na ngano kwa sababu ya ubaridi wake. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka jasho asubuhi na kutetemeka jioni bila kuacha jimbo la Kivu ya Kaskazini.

Barabara hiyo ina wenyewe. Ni wamotari. Mmoja wao, baba wa watoto wanne, anakaa Butembo na ameifanya kazi hii zaidi ya miaka kumi. Pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenye pikipiki vesema yake, na kinachobaki baada ya esansi ndicho chakula cha nyumbani. Siku mvua ikinyesha kutwa, vesema haipungui. Siku mtoto wake akilazwa, vesema haipungui. Kwa hiyo akiwa njiani anahesabu dakika kama muuza duka anavyohesabu franka.

Miaka ya kwanza aliona baridi kuwa jambo la kuvumilia tu. Wazee wa kazi walimwambia kwamba motari wa kweli halii kwa ajili ya baridi. Alivaa singlendi na koti jembamba, akainama juu ya gidoni, akaenda. Akifika Lubero vidole vilikuwa vimekufa. Alishindwa kufungua kifungo cha mfuko ili atoe chenji, na abiria wakamcheka. Hakuona hatari yoyote mpaka asubuhi moja mbuzi alipokatiza barabara kwenye mteremko. Macho yalimwona mbuzi na kichwa kikasema freni, lakini mkono ulichelewa. Mbuzi alipita salama. Pikipiki ililala kwenye mfereji, na abiria akapona na mchubuko wa goti.

Hesabu yake ni rahisi. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, inakula mita 11 kila sekunde. Mkono uliokufa ganzi ukichelewa sekunde moja tu, umeshapita nyumba nzima kabla freni haijashika. Tena mwendo wenyewe unaongeza baridi. Hewa ikiwa digrii 10 na pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama digrii 6. Nguo zikiwa zimelowa, mwili unapoa haraka zaidi.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na ambacho motari huyu alielezwa na muuguzi mmoja aliyekuwa abiria wake, ni kwamba mikono haipoi kwa kosa lake peke yake. Mwili ukisikia baridi, unaondoa damu kwenye vidole na kuipeleka ndani, ili moyo na tumbo vibaki na joto. Kwa hiyo mtu anaweza kuvaa glavu mbili na vidole vikaendelea kufa, kwa sababu kifua kimeachwa wazi kwa upepo. Dawa ya mikono inaanzia kifuani na shingoni.

Tangu siku ile alibadilisha mavazi yake, na hakutumia pesa nyingi. Ndani anavaa nguo nyembamba inayoshika mwili. Juu yake triko. Kati ya triko na koti anaweka kartoni iliyokunjuliwa au magazeti ya zamani, kuanzia shingo mpaka kiunoni, kwa sababu karatasi inazuia upepo. Koti la juu ni la plastiki, lile la mvua, hata kama jua linawaka, kwani upepo ndio mwizi wa kwanza wa joto. Shingoni anafunga fulari, miguuni anavaa soksi na bote. Kwenye gidoni amefunga vipande viwili vya bido ya lita 5 iliyokatwa katikati, vinakaa mbele ya vidole kama ngao. Akikosa glavu za sufi, anavaa soksi mikononi, na juu yake sashe, mradi vidole viweze kukunja freni bila kuteleza. Nguo moja kavu inakaa daima ndani ya sashe iliyofungwa vizuri chini ya kiti.

Kitu kimoja alikiacha kabisa, ingawa marafiki wengi wangali nacho, ni kikombe cha kanyanga kabla ya kuondoka. Kanyanga inamdanganya mtu. Inaleta damu kwenye ngozi, mtu anasikia moto, kumbe joto la ndani linatoka nje. Baada ya nusu saa anapoa kuliko yule asiyekunywa, na kichwa chake kimekuwa kizito mbele ya kona. Chai ya moto yenye sukari na tangawizi inafanya kazi hiyo bila deni.

Mambo hayo yote yalimhusu yeye mwenyewe. Mwezi wa 6 mwaka wa 2024 vita vilipofika Kanyabayonga, akaanza kuwafikiria walioketi nyuma yake.

Siku zile watu walipanda kaskazini kwa maelfu kupitia Kayna, Kirumba, Alimbongo na Kitsombiro mpaka Lubero. Wengine kwa miguu, wengine juu ya malori, wengine kwa pikipiki waliolipiwa na ndugu walioko Butembo. Wengi wao vita vilikuwa vimewafukuza mara mbili au tatu kabla ya hapo. Walikuwa watu wa tambarare za Rutshuru na kando ya ziwa, watu waliozoea joto. Mtu anayekimbia havai kwa ajili ya safari. Anatoka na nguo aliyokuwa nayo wakati risasi zilipoanza: blauzi, kikwembe kimoja, kandambili. Na mwezi wa 6 na wa 7 ni kiangazi huku kwetu. Mchana vumbi na jua, lakini usiku mbingu ikiwa wazi milima inapoa sana.

Alimpakia mama mmoja huko Kirumba, saa kumi ya alasiri. Alikuwa mtu wa Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, mke wa mvuvi. Mvulana wa miaka sita aliketi katikati. Mtoto mchanga wa miezi minne alikuwa mgongoni mwa mama, amefungwa kwa kikwembe, kichwa wazi. Jua lilikuwa bado linawaka, na hakuna aliyefikiria baridi. Walipopita Alimbongo jua likawa limeshuka nyuma ya milima, na ukungu ukaanza kupanda kutoka mabondeni.

Motari alisikia mvulana akitetemeka mgongoni mwake. Akapunguza mwendo.

“Mama, tusimame kidogo. Iko baridi.”

“Hapana, papa, tuende tu. Giza itatukuta njiani.”

“Mutoto ya mugongoni, anasikia baridi?”

“Amelala. Halii hata kidogo.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililomsimamisha. Ana watoto wanne, na anajua kwamba mtoto mwenye baridi analia kwanza, kisha anaacha kulia. Alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba ambako moshi ulikuwa unatoka, akaomba ukaribisho. Mama alipofungua kikwembe, mikono ya mtoto ilikuwa baridi, na hiyo si ajabu kwa mtoto. Lakini kifua na tumbo pia vilikuwa vimepoa, na mdomo wake haukutaka kushika ziwa.

Bibi mwenye nyumba hakuuliza maswali mengi. Hakumpeleka mtoto karibu na moto, kwa sababu ngozi ya mtoto inaungua upesi na mtoto hawezi kusema. Alimwambia mama afungue blauzi, akamlaza mtoto kifua kwa kifua, ngozi juu ya ngozi, akawafunika wote wawili kwa blanketi, na akamvika mtoto kofia ya triko. Mvulana alipewa uji wa moto. Wakangoja. Haikupita saa moja, mtoto akaanza kulia, kisha akanyonya. Mama akalia pia. Motari alitoka nje akaenda kusimama karibu na pikipiki. Saa ile alikuwa ameshapoteza safari ya kurudi, na vesema ya siku ile haikutimia.

Walilala hapo. Asubuhi, jua lilipopanda, wakaendelea mpaka Lubero.

Mambo aliyojifunza usiku ule sasa anamwambia kila mama anayepanda, kabla hata ya kupatana bei. La kwanza: mtoto mchanga hakai mgongoni kwenye barabara ya milimani. Mgongo wa mama ndio mwisho wa msafara, hakuna mtu nyuma yake wa kumkinga, na mama haoni uso wa mtoto. Mtoto akae mbele, kati ya kifua cha mama na mgongo wa motari, uso ukiwa upande na pua ikiwa huru. Asifunikwe uso kwa plastiki wala kwa kikwembe kizito, kwa maana kuzuia upepo si kuzuia pumzi.

La pili: kofia na soksi za mtoto ni muhimu kuliko nguo tatu za mama. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, joto nyingi inatokea hapo, na mtoto mchanga hana nguvu ya kutetemeka ili ajipashe moto kama mtu mzima. Akikosa kofia, soksi ya mtu mzima iliyokatwa inatosha kichwa chake.

La tatu: kila nusu saa pikipiki isimame, na mama aingize mkono chini ya nguo ya mtoto. Mikono na miguu kupoa ni kawaida. Kifua kikipoa, au mtoto akilegea, au akikataa ziwa, safari inaishia hapo. Ni kifua kwa kifua, blanketi, na kituo cha afya kilicho karibu.

Na la nne ni la mwisho wa safari, lakini limeua watu. Familia inafika usiku, inapewa chumba kimoja, inaingiza mbabula ya makala ili kupasha joto, inafunga mlango na dirisha, inalala. Moshi wa makala una sumu isiyoonekana na isiyo na harufu. Mbabula ibaki nje. Ndani, watu walale wakikaribiana, na chini yao waweke kartoni au majani makavu, kwa sababu udongo unanyonya joto la mwili usiku kucha.

Baada ya safari ile motari alikwenda sokoni Butembo, kwenye nguo za balo, akanunua koti kubwa la baridi, la mwanamume mnene wa Ulaya. Linakaa ndani ya mfuko nyuma ya kiti. Si lake. Ni la abiria. Ukipanda nalo, unashuka unalirudisha. Wenzake kwenye parking walimcheka, wakasema sasa amefungua duka la makoti. Mmoja akamuuliza kama koti hilo linalipa vesema. Hakujibu. Miezi iliyofuata, wengine wawili wa parking hiyo wakaonekana na makoti yao nyuma ya kiti, na hakuna aliyesema neno.

Vita vilipozidi kupanda kuelekea Lubero, safari za kusini zilipungua. Motari akageuza njia, akaanza kubeba wafanyabiashara kwenda Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, kupitia Beni. Huko shida ni kinyume. Unaondoka Butembo alfajiri umejifunika kama mzee, unashuka Beni jua likipanda, na ukifika tambarare ya Semuliki hewa inakuwa kama mvuke wa sufuria.

Alidhani joto ni mapumziko. Baada ya wiki mbili akagundua kwamba joto nalo linachelewesha mkono, ila kwa njia nyingine. Baridi inaanzia kwenye vidole, joto linaanzia kichwani. Mtu anasikia usingizi, macho yanauma, anakasirika bure na abiria, anapita gari kwenye kona ambapo kwa kawaida asingethubutu. Si roho mbaya, ni maji yaliyopungua mwilini. Tena juu ya pikipiki mtu hajui kama anatoka jasho, kwa maana upepo unalikausha kabla hajaliona. Anafika ngozi kavu, akidhani hakupoteza kitu, na shati lina chumvi nyeupe mgongoni.

Kwa hiyo sasa anabeba lita mbili za maji safi na anakunywa kidogo kidogo tangu Beni, bila kungoja kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, anajua amechelewa. Siku ya jua kali anatengeneza maji ya dawa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni maji yale yale wanayofundishwa mama wenye watoto wa kuhara. Kama kichwa kinagonga na miguu inashikwa na mkakamao, anatafuta kivuli, anamwagia maji shingo na mikono, anapumzika mpaka akili irudi. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akiacha kutoka jasho huku mwili unawaka, huyo haendeshi tena. Anamwagiwa maji, anapepewa na anapelekwa hospitali.

Koti la baridi analitoa chini ya mlima, lakini hatoi mikono mirefu. Wengi wakisikia joto wanavua mpaka kubaki na singlendi, na kaske wanaitundika kwenye gidoni. Nguo nyepesi ya mikono mirefu, iliyo pana na rangi nyeupe au ya mwanga, inazuia jua na inaacha hewa kupita. Kaske ya joto inaudhi, ni kweli. Kitambaa kilicholowa maji chini yake kinapunguza hasira hiyo, na kichwa kilichopasuka hakina kitambaa cha kukifunga.

Abiria wa joto naye ana shida zake. Ya kwanza ni bomba la moshi. Kwenye pikipiki nyingi za kwetu liko upande wa kulia, na mama aliyepandisha kikwembe ili apate hewa anaunguza ndama ya mguu wakati wa kushuka. Mtu apande na kushukia upande wa kushoto. Akiungua, amwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20, wala asipake dawa ya meno, mafuta wala udongo. Ya pili ni mtoto. Kule chini, yule aliyefungwa vizuri milimani lazima afunguliwe. Kikwembe alichofunikwa uso ili asichomwe na jua kinageuka tanuru. Mtoto ambaye hajafika miezi sita hapewi maji, ananyonya mara nyingi zaidi, na kwa hiyo mama ndiye anayepaswa kunywa.

Yote haya yanaomba kitu kimoja: kusimama. Kusimama ili kuvaa, kusimama ili kuvua, kusimama ili kunywa, kusimama ili kugusa kifua cha mtoto. Na kusimama kuna bei. Motari anayesimama mara nne kati ya Kirumba na Lubero anapoteza karibu saa nzima, na saa hiyo inatoka kwenye sahani ya watoto wake, kwa kuwa vesema haijui mlima wala mvua. Mwenye pikipiki anayedai pesa ile ile kila siku ya Mungu naye ana mkono wake kwenye freni ile iliyochelewa. Wapo wenye pikipiki wachache waliokubali kupunguza vesema siku za mvua kubwa, na pikipiki zao hazikuonekana mara nyingi kwa fundi. Abiria pia ana sehemu yake. Anayesema “papa, endesha haraka” na anayekataa kulipa kwa sababu walisimama, huyo ananunua mwendo kwa mwili wake mwenyewe.

Kwa familia ambazo bado ziko njiani, au zinazofikiri kwamba kesho huenda zikaondoka tena, ni vema kuweka mahali pamoja, tangu leo, vitu vichache ambavyo mtu anaweza kuvishika gizani: kofia na soksi za mtoto, triko moja kwa kila mtu ndani ya sashe iliyofungwa, kikwembe cha ziada, chupa ya maji, sukari na chumvi kidogo. Ukipatana na motari, mwambie kabla ya kupanda kwamba mtasimama kila nusu saa, na bei iwe ya safari yenye kusimama. Muulize pia kama ana koti. Huko Butembo wapo watatu, angalau, walio nalo nyuma ya kiti.